Keki ya Digrii Arobaini

Katika ploti yetu ya Kaaga, Mwalimu hakuwahi kumfundisha mtu yeyote, na bado sote tulimwita Mwalimu, hata mwenye ploti, mzee asiyekuwa na mazoea ya kumheshimu mpangaji. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Chaki zake hazikustaafu. Alitembea na vipande vitatu au vinne katika mfuko wa koti, na ukimwuliza njia ya kwenda mahali, alichuchumaa akakuchorea pale pale kwenye saruji, mshale kwa mshale, akaandika A pa kuanzia na B pa kufikia. Ua wetu ulijaa A na B. Mvua ikinyesha zilifutika, na kufikia jioni ya siku ya pili zilikuwa zimerudi.

Mimi na binti yangu Kendi tulikaa namba tano, Mwalimu namba saba. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Meru, kazi ya kuandika risiti za misumari kutwa nzima, na nikirudi nilimkuta ameketi mlangoni pake, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, akisahihisha gazeti. Nasema kusahihisha kwa sababu hakulisoma kama watu wengine. Alikuwa na kalamu nyekundu. Penye habari iliyosema watu wengi walihudhuria mkutano, aliandika pembeni, "Wangapi?" Akimaliza alituazima, kwa hivyo ploti nzima ilisoma habari zikiwa zimeshasahihishwa. Siku moja gazeti lilipata nne kwa kumi, na Mama Bilali wa namba tatu alisema afadhali lirudie darasa.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Jibu bila njia ni uvumi." Aliwaambia watoto waliosema si wao waliovunja kioo. Alituambia sisi pia. Ukisema bei ya unga itashuka, alikutazama juu ya miwani akakuuliza umefikaje hapo. Watu walikuwa wakikaribia mlango wake wanapunguza sauti, kama mtu anayepita karibu na ofisi ya mwalimu mkuu na hajafanya kosa lolote, ila hana hakika.

Na mtu huyohuyo, sokoni, alikuwa hajui chenji. Mama Bilali aliuza mahamri langoni asubuhi, na kila asubuhi Mwalimu alimpa pesa zaidi au pungufu, na kila asubuhi Mama Bilali alimrekebisha.

"Mwalimu, umefundisha hesabu miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Na mahamri matatu yanakushinda?"

"Hizi si hesabu, mama. Haya ni mazungumzo."

Sasa, mambo ya siku za kuzaliwa. Yalianzia namba moja, ile nyumba ya mbele yenye choo ndani, alikokaa Baba Munene. Baba Munene alikuwa na kazi nzuri katika mradi fulani wa maji, na Munene alipotimiza miaka mitano alimfanyia sherehe ambayo haijasahaulika. Kulikuwa na hema. Kulikuwa na keki yenye umbo la lori. Kulikuwa na mtu aliyevaa kama simba, ambaye watoto walimkimbia mpaka mmoja wao akamtambua kwa viatu kwamba ni fundi wa viatu wa pale stendi, wakarudi wote wakamzunguka wakamwuliza viatu vyao vitakuwa tayari lini.

Baada ya hapo hakuna mtoto aliyetaka kuzaliwa kimya kimya. Kendi aliniambia yeye anataka twiga. Nilimweleza kwamba fundi wa viatu ni mfupi. Siku yake ilipofika nilinunua keki kwa pesa nilizoziweka za viatu vyake, na binti yangu akaenda chekechea na gambuti za mvua wiki mbili, hata siku za jua, huku akinitazama kila asubuhi kana kwamba ni yeye ananihurumia. Mama Bilali alipika pilau ya watu arobaini wakaja sitini. Mama wa namba kumi alialika watoto wote isipokuwa wa namba tisa, kwa sababu wa namba tisa walimsahau wa kwake. Kufikia Pasaka wanawake watano walikuwa wanachota maji kwenye bomba moja bila kusalimiana, na bomba lenyewe lilikuwa moja tu.

Mwalimu akaita mkutano. Alikuwa ameandaa tangi la maji, lile jeusi, akalifanya ubao.

"Tuko na watoto tisa," alisema. "Kila mmoja na siku yake. Hiyo ni keki tisa, soda sijui ngapi, na ugomvi tisa. Nimehesabu ugomvi peke yake, umenitosha."

"Kwa hivyo unasema tufanyeje?" akauliza Baba Munene, aliyesimama mbali kidogo kama mshtakiwa.

"Tutafute wastani."

Alieleza. Kila siku ya mwaka ina namba yake, tarehe mosi Januari ni moja, ya mwisho wa Disemba ni mia tatu sitini na tano. Tutampa siku za watoto wetu, atazijumlisha, atagawa kwa tisa, na itakayotokea ndiyo itakuwa siku ya kuzaliwa ya ploti. Keki moja, sherehe moja, kila nyumba inaleta ilicho nacho. Tulimtajia tarehe naye akaandika kwenye tangi. Mama Bilali hakuwa na hakika kama Bilali alizaliwa tarehe tatu au nne, maana ilikuwa katikati ya usiku na saa ya hospitali ilikuwa imesimama. Mwalimu hakubabaika. Akaandika tatu na nusu.

Jibu lilikuja kumi na saba Juni. Tukatazamana. Hakuna mtoto hata mmoja wa ploti aliyezaliwa mwezi wa sita.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo siku si ya mtu."

"Ndiyo maana haitaleta ugomvi."

Tena ilikuwa Jumatano, watoto wako shule na sisi kazini. Tukamwomba aisogeze. Akakataa kabisa, akasema wastani hauahirishwi. Tulibishana mpaka sufuria ya namba nane ikaungua. Mwishowe akakubali kukadiria hadi Jumamosi iliyo karibu, lakini alitaka ieleweke kwamba anakadiria, hasogezi.

Sherehe hiyo ya kwanza naikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Mama Bilali alioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Dada yangu alileta mkungu wa ndizi kutoka Mitunguu. Namba mbili walileta githeri, mahindi na maharagwe, kwa sababu ndicho walichokuwa nacho, na hakuna aliyecheka. Mimi nilikaanga bisi. Mishumaa ilileta shida, maana wastani wa umri wa watoto wetu ulikuwa miaka mitano na theluthi moja. Mwalimu alichomeka mitano mizima, akapima wa sita kwa rula, akaukata, akachomeka theluthi. Theluthi ilizimika kabla hatujafika mwisho wa wimbo, akatuambia tuanze upya.

Kisha akakata keki. Alitoa kipima pembe, kile cha plastiki chenye umbo la nusu mwezi, akakiosha bombani, akakilaza juu ya keki. Duara ni digrii mia tatu sitini. Watoto tisa. Kila mtoto digrii arobaini, isizidi isipungue. Alikata kwa uzi, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, na watoto tisa walinyamaza kama wako kwenye mtihani. Hakuna aliyelia kwamba kipande cha mwenzake ni kikubwa. Mimi sijawahi kuona jambo kama hilo tena, wala kabla yake. Yeye mwenyewe hakula kipande. Alikusanya makombo kwenye gazeti akayala kwa kijiko, akasema masalio ni ya mwalimu.

Kitu kimoja kilimshinda, baluni. Aliziogopa. Mzee aliyezima kelele za ploti nzima kwa kukohoa mara moja tu aliziba masikio baluni ikiguswa. Lakini alisisitiza yeye ndiye wa kuzijaza, akitumia pampu ya baiskeli, uso ameugeuzia ukutani, mkono mmoja ukipampu na mwingine kwenye sikio. Nilimwambia aniachie mimi. Akasema sitajua kiasi.

Mwaka uliofuata, au ule wa baadaye, Mama Bilali akapata mimba. Mwalimu alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi, maana mtoto wa kumi angesogeza tarehe, na tulikuwa tumekwisha kukubaliana Jumamosi. Alihesabu usiku na mchana. Jioni moja alimwendea Mama Bilali aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Mumewe, dereva wa malori ya kwenda Maua, alikuwa hapo hapo anaziba tairi. Mwalimu alisimama hatua tatu mbali, akavua kofia.

"Mama Bilali, mtoto anakuja lini?"

"Hapo hapo mwezi wa sita. Mungu ndiye ajuaye."

"Kama ingewezekana tarehe kumi na saba."

Mama Bilali hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mwambie mwenyewe."

Mwalimu akamtazama Baba Bilali. Baba Bilali akamtazama Mwalimu, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayetoa ruhusa asiyoielewa. Mwalimu akainama kidogo, akaliambia tumbo kwa heshima kwamba tarehe kumi na saba itatufaa wote, na kwamba hakuna kulazimishwa. Akavaa kofia, akaenda zake.

Salma alizaliwa tarehe kumi na saba Juni, saa tano asubuhi.

Wastani haukusogea hata nusu siku. Mwalimu alitembea uani mikono nyuma, akitabasamu, na tangu siku hiyo watu walianza kumwogopa kwa namna nyingine. Mwenye ploti alimwuliza mvua itaanza lini. Baba Munene alikuja mlangoni pake na orodha ya timu za mpira, akataka kujua zipi zitashinda wikendi. Mwalimu aliisahihisha orodha, kwa sababu majina mawili yalikuwa yameandikwa vibaya, akamrudishia.

Sasa tulikuwa na watoto kumi, digrii thelathini na sita kila mmoja, na mambo yalikwenda. Mwaka mmoja tu yalikwama, binamu yake Munene alipokuja kutoka kijijini wakawa kumi na mmoja. Mia tatu sitini kwa kumi na moja haiishi, inaendelea na kuendelea. Mwalimu alisimama juu ya keki ile dakika kumi, jasho likimtoka. Kisha akatangaza kwamba mwaka huu tutamheshimu mtu mzima mmoja, awe wa kumi na mbili, na digrii ziwe thelathini. Akamchagua mlinzi wa lango. Mlinzi alivaa kofia ya karatasi, akaimbiwa, akaombwa aseme maneno machache. Akasema hajui aseme nini, maana hakuna aliyewahi kumwimbia, akaomba tuimbe tena kama si taabu.

Shida ya kweli ilitoka kwa watoto wenyewe. Salma alipofika miaka mitatu walianza kufikiri. Walikuwa wameimba miaka yote siku isiyo ya mtu, na kila mtu alikuwa sawa. Lakini sasa siku ilikuwa na mwenyewe. Jumamosi hiyo keki ilikuwa mezani, mishumaa inawaka, na watoto tisa wakaketi chini kando ya tangi wakakataa kuimba.

Munene ndiye aliyesema. Alikuwa na miaka tisa na kidogo.

"Hii ni bathdei ya Salma. Sisi ni wageni."

"Hii ni ya wote," Mwalimu akasema.

"Salma amezaliwa leo?"

"Siku hizi hizi. Ndiyo."

"Mimi nimezaliwa leo?"

"Hapana."

"Sasa tunaimba ya nani?"

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akatoa chaki, akalisogelea tangi. Alisimama hapo na chaki hewani. Sikuwahi kumwona amekosa la kuandika. "Swali zuri," alisema mwishowe. Akarudisha chaki mfukoni, akaigeukia keki, akaimba peke yake, wimbo mzima, majina yote kumi moja baada ya jingine, kwa sauti mbaya iliyokwama kwenye kila jina. Salma alipiga makofi. Wengine walitazama viatu vyao. Keki ililiwa, lakini ililiwa kama dawa.

Tukiingia ndani jioni hiyo Kendi aliniambia, "Mama, mimi niko na siku yangu. Ni ya Novemba. Inaendaga bure kila mwaka."

Alikuwa na haki, ila sikutaka kumvunja Mwalimu moyo. Kwa hivyo Novemba ilipofika nikafanya jambo la aibu. Nilioka keki ndogo kama bakuli. Saa kumi jioni, mvua ikinyesha, nilifunga pazia, nikaweka ndoo ya chuma karibu, nikawasha redio kwa nguvu wakati wa matangazo ya vifo. Tukawasha mishumaa minane. Tukaanza kuimba kwa kunong'ona, mimi na mtoto wangu, nyuso zimekaribiana, huku redioni wanataja familia za marehemu.

Mlango ukagongwa.

Niliifunika keki kwa ndoo, mishumaa na yote. Nikafungua kidogo. Alikuwa Mwalimu, koti limelowa mabegani.

"Naomba chumvi," alisema.

Nilimwambia angoje. Akaingia. Nilipokuwa natafuta chumvi alisimama katikati ya chumba akimtazama Kendi, aliyekuwa ameketi wima kama yuko kanisani, sukari ikiwa kidevuni.

"Mama Kendi."

"Naam, Mwalimu."

"Ndoo yenu inatoa moshi."

Nikaitoa ndoo. Keki ilikuwa imejaa nta na mishumaa yote ilikuwa imezimika. Nilitaka kusema kitu kuhusu mtoto, kuhusu Novemba, kuhusu Salma. Hakuningoja.

"Miaka mingapi?" alimwuliza Kendi.

"Nane."

"Nane ni namba nzuri. Ni mbili mara mbili mara mbili." Akavuta stuli, akaketi. "Mlikuwa mmefika wapi?"

"Kwa jina," Kendi akanong'ona.

"Basi tuendelee hapo." Akanong'ona nasi mpaka mwisho. Kisha akatoa ndani ya koti kitu kilichofungwa kwa gazeti, penseli mpya iliyochongwa vizuri, akaiweka mezani, akachukua chumvi yake akatoka.

Kesho yake bombani nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia Mama Bilali yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtungi ukafurika.

"Alikuja kuomba chumvi?"

"Ndiyo."

"Na kwangu alikuja kuomba chumvi. Tarehe nne, na tarehe tatu pia, kwa sababu ya ile nusu." Akafunga bomba. "Mimi namfanyia Bilali chini ya meza kila mwaka."

Tukawauliza wengine. Kila nyumba ilikuwa inafanya. Namba kumi walifanyia bafuni. Namba mbili waliwaamsha watoto kabla ya jua. Baba Munene alimpeleka mwanawe ndani ya gari wakaimba huko na madirisha yamefungwa. Na kote Mwalimu alikuwa amefika, akaomba chumvi, akaacha penseli. Sisi tulimpa tarehe zetu siku ile ya mkutano tukazisahau. Yeye alikuwa nazo zote kichwani. Kwa miaka hiyo yote alikuwa amekusanya chumvi ya kuhifadhi ng'ombe mzima.

Hatukumwambia kwamba tunajua. Naye aliendelea na sherehe ya Juni, na watoto, sijui ni nani aliyewaambia nini, walianza kuimba tena.

Mwanawe alikuja kumchukua akakae naye Embu, mapafu yalipoanza kumsumbua. Aliondoka asubuhi ya kawaida, na vitabu vyake vikaingia kwenye gari dogo pamoja na godoro. Juni iliyofuata tulikusanyika kwa tangi tukagundua watoto wawili wamehama na mmoja amezaliwa, na hakuna kati yetu aliyejua tarehe imesogea wapi. Baba Munene alijaribu na simu yake, akapata Februari. Tukaacha.

Nilimwona tena mara moja. Kendi sasa alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Embu, na nilikuwa nimetoka kumtembelea. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Nilikuwa nakata njia ya mtaa mmoja nyuma ya soko kwenda kutafuta gari la Meru, nikamwona mzee wa kofia ya sufu amesimama katikati ya barabara, mkono juu, anasimamisha watu kama polisi. Watu walimzunguka wakapita. Nikafikiri akili imemwacha.

"Mama Kendi," alisema aliponiona, bila salamu, kana kwamba tuliachana jana. "Vizuri. Una shughuli gani saa mbili hizi zinazokuja?"

"Narudi Meru, Mwalimu."

"Magari ya Meru yako mpaka jioni. Nahitaji watu."

"Watu wa nini?"

Alinieleza tukiwa tumesimama hapo hapo, akipumua kwa shida kidogo kati ya maneno. Nyuma ya nyumba ya mwanawe alikaa mama mmoja kijana, anayefua nguo za watu. Binti yake, Wawira, alitimiza miaka sita leo. Mama alikuwa ameandaa kwa miezi, akaalika watoto kumi na wawili wa mtaa. Asubuhi hiyo mwenye nyumba anayopanga mama huyo, mtu mwenye uwezo, alimwekea mtoto wake jumba la kurukia, lile la kujazwa hewa, mita hamsini kutoka hapo. Watoto wote kumi na wawili walikuwa humo ndani.

"Hata wajukuu wangu," alisema. "Mtoto ameketi na gauni tangu saa sita."

"Na wewe unafanya nini barabarani?"

"Nilianza kwa kuomba watoto, nyumba kwa nyumba. Sio njia nzuri. Mama mmoja amenifukuza na mwiko. Sasa nachukua watu wazima."

Nilimshika mkono tukaanza. Mwanamke akiwa kando ya mzee, watu husimama. Wauza parachichi wawili walifunika mali yao kwa gunia wakaja. Soja wa duka la dawa, aliyekuwa anamaliza zamu, alikuja na rungu lake. Kwenye kona kulikuwa na vijana wanne wa boda boda.

"Mzee, kuna pesa?" mmoja aliuliza.

"Hakuna. Kuna keki."

"Keki ya nani?"

"Ya mtoto wa miaka sita ambaye hana mgeni."

Kijana aliwatazama wenzake. Akapiga stendi ya pikipiki kwa mguu. "Twende basi. Lakini mteja akipiga simu, mimi naenda."

Mbele kidogo alisimama mhubiri wa barabarani na spika yake kwenye kigari. Mwalimu alimweleza. Mhubiri akasema muziki wake ni wa kuokoa roho, sio wa densi.

"Mtoto naye ana roho," Mwalimu akasema, na mhubiri akaanza kusukuma kigari.

Tulipoingia kwenye ule ua mdogo, Wawira alikuwa ameketi peke yake mbele ya meza iliyopangwa sahani kumi na mbili, gauni jeupe, kamba ya baluni imefungwa kwenye mkono. Ng'ambo ya ukuta tulisikia watoto wakipiga kelele katika lile jumba. Mama yake alisimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Wawira alitutazama, pikipiki nne nje, fulana za reflekta za kijani, rungu, gunia, spika.

"Hawa ni nani?"

"Ni wageni wako," Mwalimu akasema. "Wamechelewa. Wanaomba msamaha."

Wakaomba, mmoja mmoja, wanaume wakubwa wameinama. Soja alisema kulikuwa na jam. Katika kile kichochoro hata mbuzi wawili hawawezi kufanya jam. Wawira aliwaza, akawasamehe wote isipokuwa mhubiri, ambaye alimwambia angoje kwanza. Wauza parachichi walimpa parachichi sita, moja kwa kila mwaka. Kijana wa boda alisema zawadi yake ni raundi moja mpaka kona na kurudi, na mama akisema ndiyo ataendesha kama amebeba mayai. Tulipoketi, sahani zilijaa, na mama yake Wawira ndipo alipoondoa kile kitambaa mdomoni.

Baada ya keki Wawira alitaka tucheze kugombania viti. Stuli, jerikeni, ndoo, kreti ya soda, vyote vilipangwa mstari. Mhubiri aliweka wimbo wa kanisa, na kila alipojisikia alikata katikati ya aya, naye alikuwa na ukatili mkubwa katika kukata. Nilitolewa mara ya kwanza. Soja alitolewa akiwa bado anauliza sheria. Wauza parachichi walikalia jerikeni moja wakakataa wote wawili kutoka mpaka Wawira alipowahukumu wote. Kelele za ng'ambo zilikuwa zimepungua, na juu ya ukuta vilianza kutokea vichwa vya watoto, viwili, kisha vitano, vikitazama.

Wakabaki watatu, Wawira, kijana wa boda na Mwalimu. Viti viwili, stuli na kreti. Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu nimesimama mlangoni, maana jua lilikuwa linashuka na Meru ni mbali. Mwalimu hakukimbia kama wenzake. Alizunguka polepole, mkono mmoja kifuani, macho kwenye stuli, kofia imemlalia sikioni. Muziki ukakatika. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na stuli zaidi. Wawira alipita chini ya mkono wake kama panya, akakaa.

Mwalimu aliigeukia kreti. Kijana wa boda alikuwa juu yake, tayari anaanza kuinuka amwachie mzee. Mwalimu akamwashiria akae. Kisha akajishusha mwenyewe, goti moja, halafu la pili, akaketi kwenye saruji, akanyoosha miguu mbele, akavuta pumzi.

"Nimetolewa," alisema. "Endeleeni."